Mluzi Kinywani mwa Bi Taarifa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi wa kituo ametangaza kwamba njia yetu ya kurushia matangazo, iliyokuwa ikibeba idhaa mbili, sasa itabeba nne. Njia haipanuki. Sauti ndiyo itakayobanwa. Akauliza nani ataongoza kazi hiyo. Nikamwona Masikio anavuta pumzi ili aseme. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuvuta.

Masikio ni fundi mwenzangu wa sauti. Jina alipewa na wafanyakazi, kwa sababu aliwahi kusimama koridoni akasema friji ya jikoni inataka kufa, na kesho yake ikafa. Ana adabu, ana bidii, anamsaidia kila mtu. Simpendi.

Mkurugenzi akasema Mhandisi nakuaminia. Watu wakapiga makofi. Nikarudi ofisini kifua mbele, nikafunga mlango, nikaketi. Ndipo nikakumbuka kwamba sisikii.

Nifafanue, ingawa hata humu shajarani naona aibu. Maneno nasikia. Ngoma nasikia, lori nasikia, mke wangu namsikia anapotaka nisikie. Sauti nyembamba za juu kabisa ndizo zilizoondoka. Ndege. Kengele ndogo. Zile S na F ambazo watu huzimalizia midomoni. Ziliondoka kimyakimya bila kuaga. Nilianza kushuku siku saa ya jiko ilipolia, mke wangu akatoka bafuni mbio kuizima, na mimi nimeketi karibu yake nasoma gazeti.

Na kazi niliyoinyooshea mkono ni ipi? Kujenga upya sauti nyembamba za juu.

Lori limepita nje. Hilo nalisikia vizuri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu ameuliza kazi yenyewe ni nini hasa. Nikamweleza kwa utaratibu. Sauti ina sehemu ya chini na sehemu ya juu. Ya juu inakula nafasi. Kwa hiyo kituoni tunaikata na kuitupa. Tunatuma ya chini tu, pamoja na vidokezo vichache: hapa juu palikuwa na nguvu, hapa palipoa. Redio ya msikilizaji inaichukua ile ya chini, inainakili, inaipandisha juu, inaikuza na kuipunguza kwa kufuata vidokezo. Msikilizaji anadhani amepata yote.

Mke wangu akaacha kukunja nguo.

"Yaani mnamkata mtu kichwa, halafu mnamchongea kingine kutoka kwenye magoti yake?"

Nikasema kitaalamu hatuiti hivyo.

"Na nani anahakikisha kichwa kimefanana?"

Nikasema mimi. Akaniangalia. Akasema saa ya jiko inalia. Nikasema nimeisikia, naizima sasa hivi. Akasema hailii, alikuwa ananijaribu tu.

Anataka nimwambie Mkurugenzi, kisha niende kwa daktari. Nikasema kazi hii ikiisha. Hajui anachoniomba. Tangu ujana wangu mimi ni mtu wa sauti. Mtu wa sauti asiyesikia atapelekwa wapi? Atapelekwa stoo, akahesabu nyaya.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata njia. Macho.

Kompyuta yangu huichora sauti kama picha: chini sauti nzito, juu sauti nyembamba, na rangi kuonyesha nguvu. Sauti asilia ni ukuta uliofika darini. Ukiikata, ukuta unabaki nusu. Ukiijenga upya, unarudi mzima. Nimekata, nimejenga, nimelinganisha. Zimefanana kama pacha. Sijui nani aliwaambia watu kwamba sauti lazima isikilizwe.

Kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri, nimeshusha zaidi mahali pa kukatia, nafasi iongezeke. Vidokezo navyo nimevipunguza, viwe vinatumwa kwa nadra. Picha bado nzuri, hasa ukisogea nyuma kidogo.

Hatari imebaki moja tu. Nikaenda kwa Mkurugenzi nikamwambia mnara wetu wa mlimani unahitaji kukaguliwa na mtu mwenye masikio ya kuaminika. Masikio ataondoka leo mchana. Alipita ofisini kunishukuru kwa kumpendekeza. Watu wa aina hii wanachosha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo idhaa ya mazungumzo imeanza kuruka kwa mpangilio wangu. Mkurugenzi aliisikiliza ndani ya gari lake, ambalo injini yake inashindana na redio na huwa inashinda. Akasema safi.

Saa saba mchana Bi Taarifa akasoma habari. Huyu ndiye sauti ya kituo. Anapiga pasi nguo zake kama anayekwenda kuonekana, kisha anaingia kwenye chumba kisicho na dirisha na kuzungumza na kipaza sauti. Kabla ya kusoma hujinoa ulimi kwenye ngazi, sasa, sisi, sisisi, watu wanampisha kwa heshima. Mimi nilimsikiliza kwa hedifoni. Nzito, tulivu, haina dosari.

Kabla hajamaliza hali ya hewa, mhudumu wa simu alikuwa amepanda ngazi hadi mlangoni kwangu akihema. Akasema kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Tatizo alikuwa anataja S nyingi mno. Mwisho nikaelewa: wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kwa nini Bi Taarifa anapiga mluzi. Kila S, mluzi. "Serikali imesisitiza" ilikuwa, kwa maelezo ya mtu mmoja, kama anayeita mbwa watatu kwa mpigo.

Nikamwambia nitafuatilia. 

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea. Hakosi taarifa ya saa saba, hata chakula kipoe. Akaongeza sauti ya redio. Akasikiliza huku amekunja uso, halafu akaizima mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimwoe bintiye.

"Maskini mtoto wa watu," akasema. "Meno yamemwacha. Jino likilegea mbele ndivyo inavyokuwa, upepo unapita."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama sahani.

Lakini moyoni kuna kitu kimetulia kidogo. Meno. Sikuwa nimefikiria meno.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ndefu. Asubuhi Mkurugenzi alinipita koridoni akaagiza ripoti fupi, aipate kabla ya adhuhuri. Niliisikia vizuri kabisa: samani za studio baada ya mabadiliko. Nikakagua. Nikaandika kwamba viti viwili vinayumba, meza ya studio ndogo inahitaji vanishi, na kiti cha Mkurugenzi mwenyewe kimechanika upande wa kushoto, sponji inaonekana.

Akaniita. Alikuwa ameishika ripoti kwa ncha za vidole. Akasema aliomba *thamani* ya studio, kwa ajili ya bodi, na mimi nimemletea viti.

Nikajibu kwamba thamani ya kituo chochote huanzia pale watu wanapoketi. Sijui nililitoa wapi. Akafikiri, akajigeuza, akakitazama kiti chake upande wa kushoto. Akasema kuna hoja hapo. Nikatoka shati limelowa mgongoni.

Jioni, wakati wa kuondoka, Bi Taarifa akaja ofisini, akafunga mlango. Nimemjua miaka na miaka, sijawahi kumwona ameinama mabega. Akasema:

"Kaka, wewe ndiye mwenye sauti za watu humu. Niambie kweli. Ni meno yangu?"

Hapa ndipo pa kusema. Mlango umefungwa, tuko wawili. Nilifungua mdomo.

Nikasema inawezekana.

Akatoa leso akaziba kinywa. Akaendelea kuzungumza nyuma ya leso. Midomo siioni, sauti imefifia, nikapata neno moja hapa, moja pale. Nikafanya ninavyofanya siku zote nikipotea: nikatikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa busara. Akauliza kitu. Nikatikisa tena. Akainuka, akanipa mkono, akaondoka.

Sijui nimekubali nini. Najua tu kwamba ameniacha kama mtu aliyehukumiwa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Masikio amerudi kutoka mnarani. Hata begi hajaliweka chini. Aliisikia spika ya mapokezi kutoka kwenye ngazi, akaja moja kwa moja. Akasema kaka, hii sauti ina kitu, na hicho kitu si meno. Akaomba lifanyike jaribio la kusikiliza, watu wote watoe alama bila kujua wanasikiliza nini. Mkurugenzi akakubali. Leoleo.

Chumba cha mikutano. Sampuli nne za sauti ya Bi Taarifa. Moja asilia, isiyoguswa. Tatu zimebanwa kwa mipangilio mbalimbali, mmoja ukiwa wangu. Alama kutoka sifuri hadi kumi. Kwangu mimi zote nne zilikuwa mwanamke yuleyule anasema jambo lilelile.

Lakini nilikuwa nimejipanga. Nimekaa mkabala na Masikio. Yeye ana masikio, mimi nina macho, na uso wake ni mwepesi kusomeka. Sampuli ya kwanza, uso umetulia: nikatoa saba. Ya pili, akafumba macho, akakunja pua, mdomo ukapinda kwa uchungu mkubwa. Nikatoa moja. Nikaongeza maelezo: "Sauti ya sufuria." Ya tatu na ya nne, uso mkavu tu: sita, nane.

Matokeo yakasomwa. Sampuli ya pili ndiyo ilikuwa asilia. Sauti yenyewe ya Bi Taarifa, jinsi alivyozaliwa nayo. Masikio aliipa kumi. Alikunja uso kwa sababu alikuwa amevua kiatu chini ya meza, kupanda mnara kumempa lengelenge kisiginoni. Ya nne, niliyoipa nane, ulikuwa mpangilio wangu. Yeye aliipa mbili.

Nilijiona tayari niko stoo nahesabu nyaya.

Kisha Mkurugenzi akasema, polepole, kwamba hajawahi kukutana na sikio kama langu. Sisi wengine tunaridhika na sauti ya asili. Mhandisi hata asilia inamkera. Sasa kama mtu wa namna hiyo ameupa mpangilio huu nane, basi mjadala umefungwa, mitambo haina tatizo. Tatizo ni meno.

Wakapiga makofi tena. Masikio hakupiga. Alinitazama muda mrefu, na wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mhudumu wa simu amenieleza habari, nami safari hii nilimwangalia midomo. Kesho asubuhi Bi Taarifa anakwenda kwa daktari wa meno. Daktari atalipunguza jino la mbele kwa msasa wake. Mluzi usipokoma, Bi Taarifa ataacha kusoma habari, asije akakiaibisha kituo. Na anamwambia kila mtu kwamba uamuzi huo hakuufanya peke yake. Aliomba ushauri wa Mhandisi, na Mhandisi akakubali.

Hicho ndicho nilichokitikisia kichwa.

 Watu walipokwenda kula nikaingia chumba cha mitambo kurekebisha mwenyewe, kimyakimya, nisionekane. Nikaongeza hiki, nikapunguza kile, huku naangalia picha. Ikapendeza zaidi ya mwanzo. Ukuta wote umeng'aa. Nikatoka nikiwa na matumaini.

Saa tisa ikaanza mechi. Mtangazaji wetu wa michezo ana sauti nzito kama pipa, hajawahi kulalamikiwa. Mshambuliaji akaupata mpira, mtangazaji akasema anasogea, anasogea, anasogea. Mluzi, mluzi, mluzi. Wasikilizaji wakadhani refa amesimamisha mchezo. Wengine wakadhani mpira umekwisha, wakazima redio wakaanza kusherehekea. Bao likafungwa bila wao kujua, upande usio wao. Simu ya mapokezi haikupumzika. Nilirudi mbio kurejesha mpangilio wa zamani, nikagundua sikuukariri. Nikarejesha kitu kinachofanana nao.

Baadaye Masikio akagonga, nadhani aligonga, maana nilimwona ameshaingia. Akaketi. Akauliza kama nimegusa kitu. Nikasema hapana. Akatazama juu, kisha akasema:

"Kaka, king'ora cha moshi humu ndani kinalia. Betri imeisha. Kinalia tangu kabla sijaenda mnarani."

Nikainua macho darini. Kweli, taa yake ndogo nyekundu inawaka na kuzima. Nikasema nimekizoea.

Hakucheka. Akasema Bi Taarifa ana miadi kesho saa tatu, na jino likishapunguzwa halirudi. Akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akatoka. Hakuniuliza lolote zaidi. Nimekaa hapa nikikitazama kile king'ora. Kinalia, na sikisikii.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekwenda. Nusu ya njia kwa kukimbia. Naandika huku upande mmoja wa kinywa bado umekufa ganzi.

Zahanati ya meno ina kioo kizito mapokezini, na nyuma yake mhudumu aliyevaa barakoa. Nikamwambia nina shida ya haraka. Akauliza jambo. Barakoa, kioo, na feni juu yangu. Nikatikisa kichwa. Akauliza la pili. Nikatikisa. Akaniongoza ndani, nikadhani ananipeleka kwa Bi Taarifa. Nikalazwa kwenye kiti, nikafungwa kitambaa shingoni, taa ikawashwa, na daktari kijana akaniwekea pamba na bomba mdomoni kabla sijamaliza kusema habari za asubuhi.

Upande wa pili wa pazia nikasikia sauti ninayoijua. Bi Taarifa anamwambia daktari wake kwamba yuko tayari.

Nikapaza sauti. "Hi heno hako!"

"Nani huyo?" akauliza Bi Taarifa.

"Hundi! Hundi wa hauti!"

"Hundi gani? Daktari, mgonjwa wako ana nini?"

Daktari wangu akaniomba nifungue mdomo zaidi na nisiogope. Nikachomoa bomba mwenyewe, pamba ikaanguka, maji yakamwagika kifuani. Nikasimama na kitambaa shingoni, nikavuta pazia. Bi Taarifa alikuwa amelala, mikono ameikunja tumboni. Msasa ulikuwa tayari mkononi mwa daktari wake.

"Si meno yako," nikasema. "Ni masikio yangu. Meno yako mazima. Mimi ndiye niliyeweka mluzi, na sikujua kwa sababu siusikii. Hata sasa siusikii. Tangu lini sikumbuki, lakini sisikii."

Aliketi taratibu.

"Jumatatu nilikuuliza kama niache kazi yangu," akasema. "Ukatikisa kichwa."

"Sikusikia ulichouliza."

"Ulitikisa mara mbili."

Nikasema ndiyo.  Machozi yalimlengalenga, na nilidhani ni hasira, na nadhani ilikuwa hasira, lakini pia alikuwa anapitisha ulimi kwenye jino lake la mbele, kama mtu anayepapasa mfukoni na kukuta kitu chake bado kipo.

Akafungua kitambaa chake, akakikunja, akakiweka kitini. Akanishika mkono wa shati akanitoa nje kama mtoto. Daktari wangu alitufuata hadi mlangoni akilalamika kwamba amenisafisha upande mmoja tu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Ofisi ya Mkurugenzi. Mimi, Bi Taarifa, Masikio. Mkurugenzi akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza na ile alama moja niliyoipa sauti asilia? Nikasema niliinakili usoni mwa Masikio. Masikio akatazama viatu vyake. Ukafuata kimya, au labda mtu alisema kitu, sina hakika.

Bi Taarifa hakutaka maneno mengi. Akasema taarifa ni saa saba, na anataka kusoma akiwa na kinywa chake.

Masikio akakaa kwenye kompyuta, mimi kando yake. Akapandisha mahali pa kukatia. Akaongeza vidokezo, vije haraka haraka. Kisha akanieleza, bila kujigamba, kosa lenyewe. S haina noti, ni upepo tu unaopita kwenye meno. Mimi nilikuwa nanakili A na E zenye noti na kuzipandisha huko juu, ndiyo maana upepo ukageuka mluzi. Akachanganya humo kelele kidogo isiyo na noti, kama mvua ya mbali. Nikaitazama picha. Ilikuwa mbaya kuliko yangu, ina mavumbivumbi. 

Saa saba tukasimama nyuma ya kioo. Bi Taarifa alianza akiwa ameweka vidole juu ya midomo, hajui atatoa nini. Sentensi ya kwanza. Ya pili. Masikio alikuwa amefumba macho, kisha akayafungua akatikisa kichwa kumwambia ni sawa. Vidole vya Bi Taarifa vikashuka mezani. Akaketi wima. Nilichosikia mimi kilikuwa kilekile cha kila siku. Lakini mhudumu wa simu alikuja mlangoni akasema simu hazilii, na nikahisi kifua kinafunguka mahali ambapo kilikuwa kimefungwa tangu ninyooshe mkono.

Hukumu: sifukuzwi. Masikio anaongoza kazi, mimi msaidizi wake. Niende kwa daktari wa masikio wiki ijayo. Wote watatu wameahidi kuniachia niwaambie wenzetu mimi mwenyewe, kwa maneno yangu, kwa wakati wangu.

Kumbe watu wana huruma. Nimejisikia vibaya zaidi.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimepewa kifaa cha sikio. Kidogo kama haragwe, rangi ya ngozi. Daktari wa masikio ni mama mtu mzima, anazungumza akikutazama. Amesema sauti za juu nilizozipoteza hazitarudi. Kifaa hiki kinazichukua, kinazishusha hadi pale ninaposikia bado. Nitazizoea. Nikawaza kwamba nami sasa nadanganywa kitaalamu, na nashukuru.

Njiani nilisimama mara kadhaa. Karatasi inaburutwa na upepo. Funguo za mtu. Viatu vyangu, kumbe vinalia. Nyumbani mke wangu alikuwa anaimba jikoni kwa sauti ya chini, mdomo karibu umefumbwa. Nikamuuliza ameanza lini kuimba. Akasema hajawahi kuacha.

Saa saba akawasha redio. Bi Taarifa akasema "sasa sikiliza habari kamili". Zile S zilikuja kama mchanga unaomwagwa taratibu kwenye karatasi. Nilikuwa nimesahau kwamba neno "sasa" lina mwanzo. Mke wangu akanishika bega, hakusema kitu, na hilo nalo nilisikia.

Daktari amesisitiza jambo moja: niwaambie ninaofanya nao kazi. Anayeficha huchoka yeye na kuwachosha wengine. Nimemwahidi. Nimemwahidi mke wangu pia.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Leo ilikuwa siku ya kuwaambia. Nilijiandaa kabisa, hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo.

Getini mlinzi akaniona sikio. Akauliza, Mhandisi, hicho ni nini? Sentensi ikaniponyoka. Nikasema ni chombo cha ukaguzi, nimekabidhiwa kufuatilia ubora wa sauti kwa siri, asimwambie mtu.

Kabla ya saa nne jengo zima lilikuwa linajua. Watu wananipisha kwenye ngazi. Mtangazaji wa michezo amenong'ona mbele yangu kwa adabu kubwa, na nimemsikia. Mtu wa stoo aliniletea chai. Sikuwahi kuletewa chai hapa.

Mchana akanipigia simu mkuu wa kituo jirani. Habari zimemfikia. Nao wanabana sauti zao, na wanahitaji mwenyekiti wa jopo la kusikiliza, mtu mwenye sikio ambalo hata sauti asilia hailiridhishi. Ni Jumatatu ijayo. Wakurugenzi wote watakuwepo. Nilitaka kumweleza ukweli, nilikuwa karibu sana. Akasema kutakuwa na kibao mezani chenye cheo changu.

Nimekubali.

Mke wangu amepiga simu kuuliza kama nimeshawaambia kazini. Nimejibu natafuta wakati mzuri.

Jioni Masikio amekuja ofisini. Amesikia, bila shaka. Akaniomba nimpigie mkuu yule nimweleze ukweli, na kama naona vigumu, basi angalau akubaliwe kunisindikiza, akae karibu yangu. Nimemshukuru sana. Nikamwambia, kwa heshima zote, jopo limeomba mtaalamu mmoja tu.

Akasimama mlangoni akasema maneno mengine, marefu kidogo. Kifaa nilikuwa nimeshakizima, natunza betri kwa ajili ya Jumatatu. Nadhani amenitakia kila la heri.